Atiman wa Karema, Mkatekista na Mganga



Wapo miongoni mwetu wanaouliza kama rozari humfaa kitu mtu anayeonewa, au kama ni njia ya kukwepa wajibu. Swali hilo ni la haki, na historia yetu ina neno juu yake. Kabla ya kuitwa Sumbawanga mwaka 1969, jimbo letu liliitwa Karema, kwa jina la kijiji kilichoko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, leo mkoani Katavi.

Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walikabidhiwa ngome ya Karema iliyokuwa imejengwa na Wabelgiji. Siku hizo watumwa walikuwa bado wakivushwa ziwa kutoka Kongo kupelekwa pwani. Mapadre waliwakomboa baadhi yao kwa kuwalipia, hasa watoto, wakawalea misheni. Tusifiche upande wa pili: malipo hayo yangeweza kumtia mfanyabiashara hamu ya kuleta mateka wengine, na aliyekombolewa hakwenda atakako, bali aliishi chini ya amri ya misheni.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliona kwamba kumkomboa mmoja mmoja hakutoshi. Mwaka 1888 alihubiri Paris, London na Brussels dhidi ya biashara hiyo. Mwaka 1890 Papa Leo XIII akaagiza kwamba kila mwaka, katika Sherehe ya Tokeo la Bwana, sadaka ikusanywe makanisani kwa ajili ya kuupinga utumwa. Hapo tunapenda kusimama kidogo. Mkristo aliyekuja kumsujudia Mtoto Yesu pamoja na mamajusi aliombwa, katika ibada ile ile, afungue mkono kwa ajili ya mtu wa Afrika ambaye asingemwona kamwe. Hakuambiwa achague kati ya kupiga magoti na kutoa. Nasi tunaopitisha kikapu kila Jumapili, mara nyingi kwa ajili ya bati na saruji (ambavyo navyo vinahitajika!), tungefaa kuikumbuka sadaka ile.

Mmoja wa waliokombolewa alikuwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi za mto Niger, upande wa Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na mapadre huko Algeria ili awe huru. Lavigerie alimpeleka Malta, ambako vijana Waafrika waliokombolewa walisomea uganga wa kisasa huku wakiandaliwa kuwa makatekista. Alifika Karema mwaka 1889. Hakuwa na ukoo wala lugha ya mahali hapo. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende, na mtoto wao Yosefu akawa padre. Mzee Atiman aliwatibu wagonjwa na kuwafundisha watu dini, na hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67! Mtu aliyepigiwa bei kama mbuzi aliitumia karibu maisha yake yote kuiponya miili ya watu ambao hawakuwa ndugu zake. Mkatekista na mganga walikuwa mtu mmoja, na kwa maoni yetu asingestahimili muda wote huo kwa ujuzi wa dawa peke yake. Sala ilimfundisha kumtambua aliyelala kitandani mbele yake.

Tusidhani kwamba bei ya mwili wa binadamu ilikoma pamoja na misafara. Mwaka 2013, hapa hapa mkoani Rukwa, watu wenye ualbino walikatwa mikono kwa tamaa ya fedha na imani za kishirikina. Mmoja wao alikuwa mtoto aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka shuleni. Mkoa wetu una Wakatoliki wengi, na ni vigumu kuamini kwamba wote walionong'onezana juu ya bei zile hawakuwahi kuketi katika mabenchi yetu.

Jumapili ijayo, katika sala ya waamini, tutawaombea waliojeruhiwa na pia waliowajeruhi. Katika jumuiya ndogondogo wiki hii, tunawaomba viongozi waulize jambo moja: ni mtoto gani kijijini kwetu anayeogopa kwenda shule peke yake, na nani atamsindikiza kuanzia Jumatatu.