Ushuru na Sauti: Baraza Letu la Machakos Tangu Zamani Hata Leo



Katika kurasa zilizotangulia mmekwisha kusoma hesabu za chama chetu, fedha zilizoingia na zilizotoka. Yafaa sasa tuiangalie hesabu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, yaani ya serikali yetu ya mahali. Hiyo ndiyo ikatayo shauri magari yasimame wapi na kwa bei gani, nyumba zijengwe wapi, soko lifagiliwe na nani. Kila mwaka ushuru ukipanda maneno huwa mengi kati yetu. Lakini wachache wakumbuka jinsi haki ya kukata mashauri hayo ilivyotufikia, ikatuponyoka, kisha ikaturudia. Historia hiyo ndiyo nitakayo kuieleza kwa ufupi, kwa kuwa ina fundisho litufaalo mwaka huu.

Mji huu umepewa jina la Mzee Masaku, naye aliishi hapa kabla ya Kampuni ya Waingereza kujenga boma lake mwaka wa 1889. Siku hizo mashauri ya nchi yalikatwa na nzama, baraza la wazee, na watu walizungumza mambo yao penye thome. Mtu aliyetozwa mbuzi alijua ni nani aliyemtoza na kwa kosa gani, tena aliweza kusimama na kujitetea mbele yao. Huo ulikuwa utawala mdogo, lakini haukuwa wa siri.

Bwana John Ainsworth alipokuja mwaka wa 1892 Machakos ikawa makao makuu ya Ukambani. Lakini reli haikupanda mpaka hapa. Ilipita bondeni kwa njia ya Athi, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na makao makuu yakaifuata. Tangu hapo Machakos umekuwa mji wa barabara. Mazao yetu, wagonjwa wetu na watoto wetu waendao shule, wote husafiri kwa gari. Hata kule Nairobi, kituo kikubwa cha mabasi ya mashambani kimejulikana kwa jina la Machakos. Basi tusidhani kwamba neno la maegesho ni dogo, wala kwamba lawahusu wenye magari peke yao. Bei ya kusimamisha gari huingia katika nauli ya abiria, na nauli huingia katika bei ya gunia sokoni.

Mwaka wa 1924 sheria ilianzisha mabaraza ya wenyeji katika wilaya, nasi tukapata letu. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana D.C., na maazimio yake yalihitaji kibali cha Serikali. Hata hivyo lilikuwa na uwezo wa kutoza kodi yake na kuitumia kwa shule, zahanati, barabara na masoko. Kwa mara ya kwanza mkulima wa Iveti au Kangundo aliweza kuonyeshwa jengo na kuambiwa kwamba hilo limetoka katika shilingi yake. Mwaka wa 1950 mabaraza hayo yalipewa sheria mpya na kuitwa African District Councils.

Lakini kuwa na baraza si sawa na kusikilizwa. Mwaka wa 1938 Serikali ilikata shauri kwamba mifugo ya Ukambani imezidi nguvu za nchi, na kwamba hapana budi ipunguzwe kwa lazima. Ni kweli kwamba udongo ulikuwa unachukuliwa na maji; wazee wenyewe waliyaona makorongo. Lakini dawa iliamuliwa pasipo mgonjwa. Ng'ombe waliswagwa, wakauzwa mnadani kwa bei duni, na wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River. Watu wakaunda Ukamba Members Association, na Samuel Muindi Mbingu alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mwezi wa Julai zaidi ya watu elfu moja, waume kwa wake, walikwenda Nairobi kuonana na Gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha amri ya kulazimisha iliondolewa.

Linganisheni jambo hilo na la miaka ya hamsini. Udongo ulikuwa ni ule ule, na haja ya kuuhifadhi ilikuwa ile ile. Kazi ya shuruti ilichukiwa sana. Lakini kazi ya matuta ilipoingizwa katika mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana vyenye viongozi waliochaguliwa na wenzao, wengi wao wakiwa wanawake, na wakulima wakaachiwa kuchagua namna ya matuta iwafaayo, vilima vilibadilika sura. Wataalamu waliopima mambo ya wilaya ya zamani, Makueni ikiwa ndani yake, walieleza mwaka wa 1994 kwamba watu walikuwa wameongezeka kutoka pungufu ya 250,000 katika miaka ya thelathini hata kufikia kama milioni 1.4 mwaka wa 1990, lakini mashamba yalikuwa yanatunzwa vema kuliko zamani. Jembe halikuwa jipya. Tofauti ilikuwa kwamba mwenye kulishika aliulizwa kwanza.

Mwaka wa 1963, pamoja na Uhuru, tulipata Baraza la Kaunti ya Masaku. Lilisimamia shule za msingi, afya na barabara, na lilikuwa na kodi yake ya kila mtu mzima kwa kadiri ya pato lake. Lakini kazi zilikuwa nyingi kuliko fedha, na mabaraza mengi nchini yaliingia katika madeni hata mishahara ya walimu ikachelewa. Basi Bunge likapitisha sheria mwaka wa 1969, na tangu tarehe 1 Januari 1970 shule, afya na barabara zikaondolewa katika mabaraza ya kaunti na kupelekwa Serikali Kuu. Nairobi, Mombasa na miji mingine michache iliachiwa kazi hizo; sisi hatukuachiwa. Miaka michache baadaye ile kodi nayo ikafutwa. Baraza likabaki na ada za soko, leseni na takataka.

Hapo ndipo ulipozaliwa ugonjwa tunaoujua hata leo. Mwananchi aliendelea kutozwa, lakini hakuona tena shule wala zahanati ya baraza. Aliona karani mwenye kitabu cha risiti tu. Akaanza kukwepa. Baraza likakosa fedha, huduma zikapungua, naye akazidi kuwa na sababu ya kukwepa.

Mambo ya nyumba yalikwenda njia hiyo hiyo. Bodi ya Nyumba iliyoundwa mwaka wa 1953, na baada yake Shirika la Nyumba la Taifa mwaka wa 1967, zilikopesha mabaraza fedha za kujenga nyumba za kupangisha. Mpango huo ulikuwa mwema, kwani kodi ya mpangaji ndiyo ilikusudiwa kulipa mkopo na kuitengeneza nyumba. Lakini kodi isipokusanywa, au ikikusanywa na kutumiwa kwa jambo jingine, paa huvuja na deni hubaki. Tena anayeumia si mpangaji peke yake. Huumia pia kijana anayetafuta chumba miaka 20 baadaye, akute hapana kilichojengwa.

Kurudi kwa haki hiyo kulianza polepole. Sheria ya mwaka wa 1998 ilitenga asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa ajili ya mabaraza. Sheria ya maji ya mwaka wa 2002 iliweka huduma ya maji mikononi mwa makampuni ya umma. Kisha ikaja Katiba ya mwaka wa 2010. Mwaka wa 2013 mabaraza yote 175 ya nchi, letu la Masaku na manispaa ya Machakos yakiwemo, yalikoma, na kaunti 47 zikachukua mahali pao. Katiba inasema waziwazi kwamba afya, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, nyumba, masoko na usafi ni kazi za kaunti. Kaunti hutoza kodi ya ardhi na majengo na ada za huduma, na juu ya hayo kaunti zote kwa pamoja hupata si pungufu ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mengi yaliyochukuliwa mwaka wa 1970 yamerudi, ingawa shule za msingi zimebaki kwa Serikali Kuu.

Tena Katiba imeongeza jambo ambalo sheria za kikoloni hazikutupa. Kifungu cha 201 kinataka mambo ya fedha za umma yafanywe kwa uwazi, na wananchi washirikishwe. Mswada wa fedha wa kaunti, ambamo ada ya maegesho na leseni huandikwa, hauna budi kuletwa mbele ya watu kabla ya kupitishwa. Thome imefunguliwa tena. Swali ni nani atakayekuja kuketi.

Kwa hiyo naomba chama chetu kiazimie mambo matatu. Kwanza, mswada wa fedha ukitangazwa, tuupate, tuusome kwa Kiswahili na Kikamba mbele ya wanachama, na tupeleke wajumbe wenye maneno yaliyoandikwa. Pili, tusiulize tu, "Kwa nini mnatutoza?" Tuulize pia, "Ada ya mwaka jana ya maegesho ilileta nini? Taa ngapi, choo kipi, mfereji gani?" Tatu, kila mmoja wetu alipe apaswalo kulipa na adai risiti, kwani mwenye kukwepa hana uso wa kuhoji. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari hilo ni letu sote.

Waliokwenda Nairobi mwaka wa 1938 walikwenda kwa miguu kutafuta mtu wa kuwasikiliza. Sisi tumeandikiwa katika sheria kwamba tusikilizwe, na ukumbi wenyewe hauko mbali na nyumba zetu. Itakuwa aibu kubwa mbele ya watoto wetu viti vikiwa vitupu.