Kalamu, Redio na Kura za Mchujo: Wachambuzi wa Kihafidhina katika Siasa za Vyama Marekani

Uchambuzi wa kihafidhina nchini Marekani, kwa sehemu kubwa ya historia yake, umekuwa ugomvi wa ndani ya nyumba moja. Waandishi na watangazaji wake hawakuwaacha Wademocrat salama, lakini maneno makali zaidi waliwatupia viongozi wa Chama cha Republican waliowaona kuwa wamelegea. Sababu imo katika muundo wa chama chenyewe. Chama cha taifa ni muungano wa vyama vya majimbo 50, kila kimoja na mwenyekiti wake, kanuni zake na utaratibu wake wa kupata wagombea. Mageuzi yaliyoanza mapema karne ya 20, na yaliyokamilika kwa kiasi kikubwa ilipofika 1972, yaliuondoa uteuzi mikononi mwa vigogo na kuukabidhi kwa wananchi wanaopiga kura za mchujo. Hakuna kamati kuu yenye uwezo wa kulikata jina la mshindi. Wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache kuliko wapigakura wa uchaguzi mkuu, nao ndio wafuatiliaji wakubwa wa siasa. Anayesikilizwa na wachache hao huwa na nguvu ambayo mwenyekiti wa chama hana.

Magazeti na kinyongo cha 1952

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, sauti ya wahafidhina ilikuwa ya wamiliki wa magazeti. Aliyetamba katika majimbo ya kati alikuwa Robert McCormick wa Chicago Tribune, aliyepinga mipango ya Rais Franklin Roosevelt ya kupanua shughuli za serikali, na akapinga pia nchi kuingizwa katika vita vya Ulaya. Mwaka 1952 chaguo lake la urais lilikuwa Seneta Robert Taft wa Ohio. Mkutano mkuu wa chama, uliofanyika Chicago mwezi Julai, ulimpitisha Jenerali Dwight Eisenhower baada ya mvutano juu ya uhalali wa wajumbe kutoka Texas, Georgia na Louisiana. Wafuasi wa Taft waliondoka wakiamini kwamba wameporwa na matajiri wa New York. Eisenhower alipoingia madarakani akaiacha mipango mingi ya Roosevelt ilivyokuwa, kinyongo hicho kiligeuka kuwa hoja: chama kimekuwa kivuli cha wapinzani wake, na lazima kirudishwe kwa wenyewe.

Jarida la Buckley

Hoja hiyo ilihitaji chombo. Jarida dogo la Human Events lilikuwapo Washington tangu 1944, na Henry Regnery alikuwa akichapisha vitabu vya wahafidhina Chicago tangu 1947. Hata hivyo, jarida lililoukusanya mrengo mzima pamoja ni National Review, lililoanzishwa Novemba 1955 na William F. Buckley Jr., kijana wa miaka 29, mtoto wa tajiri wa mafuta. Buckley aliketisha meza moja watu ambao kwa kawaida hawakuelewana: watetezi wa soko huria, washika dini na mila, na wapinga ukomunisti, ambao baadhi yao, kama James Burnham na Frank Meyer, walikuwa wameuacha mrengo wa kushoto. Meyer ndiye aliyejenga nadharia ya muungano huo, akidai kwamba uhuru wa mtu na maadili ya jadi havipingani, bali kimoja hakisimami bila kingine.

Jarida lilichukua pia kazi ya kuamua nani ni mhafidhina wa kweli na nani hafai. Robert Welch, mfanyabiashara wa peremende aliyeanzisha Chama cha John Birch mwaka 1958, alikuwa akidai kwamba hata Eisenhower alikuwa wakala wa wakomunisti. Mwaka 1962 National Review ilimshutumu Welch hadharani, na mwaka 1965 ikakikana chama chake chote, ingawa wanachama wake wengi walikuwa wasomaji wa jarida.

Katika suala la rangi, jarida halikufunga mlango. Agosti 1957 tahariri ya jarida ilitetea haki ya wazungu wa Kusini kushika siasa hata mahali ambapo hawakuwa wengi. Huko Virginia, James J. Kilpatrick, mhariri wa Richmond News Leader, tangu mwishoni mwa 1955 alikuwa akifufua nadharia ya zamani kwamba jimbo linaweza kusimama kati ya raia wake na serikali ya shirikisho. Shabaha yake ilikuwa hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za umma. Bunge la Virginia lilipitisha azimio la mwelekeo huo mwanzoni mwa 1956, na mwaka 1958 baadhi ya shule zilifungwa ili watoto weusi na weupe wasisome pamoja. Tahariri za gazeti moja la jimbo zilikuwa zimegeuka kuwa sera ya jimbo. Miongo kadhaa baadaye Buckley alikiri kwamba msimamo wake wa wakati ule ulikuwa wa makosa. Kwa hiyo msemo wa “haki za majimbo”, ambao kwa wahafidhina wengi ulimaanisha kuzuia madaraka yasirundikane Washington, ulibeba pia mzigo wa ubaguzi.

Arizona na uchaguzi wa 1964

Mgombea wa kwanza aliyelelewa na wachambuzi hawa alitoka Arizona. Eugene Pulliam alinunua Arizona Republic mwaka 1946 na kulifanya gazeti hilo nguzo ya Warepublican katika jimbo lililokuwa la Wademocrat. Kwa msaada wake Barry Goldwater, mwenye duka kubwa la nguo mjini Phoenix, alipanda kutoka udiwani mwaka 1949 hadi useneta mwaka 1952. Clarence Manion, mwanasheria wa Indiana aliyekuwa na kipindi cha redio cha kila wiki, alimshawishi atoe kitabu. Kazi ya kukiandika alipewa L. Brent Bozell, shemeji yake Buckley, na kitabu kilipotoka mwaka 1960 kikauzwa kwa mamilioni.

Mwaka 1964 Phyllis Schlafly, mama wa nyumbani na mwanachama hodari wa Republican kutoka mji wa Alton, Illinois, alichapisha mwenyewe kijitabu kuhusu mabwana wa New York ambao, kwa madai yake, walikuwa wakiteua wagombea wa chama nyuma ya pazia tangu 1936. Nakala zaidi ya milioni 3 zilisambazwa, nyingi zikigawiwa nyumba kwa nyumba huko California kabla ya mchujo wa Juni, ambao Goldwater alimshinda Nelson Rockefeller kwa tofauti ndogo. Novemba Goldwater alianguka vibaya mbele ya Lyndon Johnson, akipata majimbo 6 tu: Arizona na matano ya Kusini. Lakini mashine ya kuteua ilikuwa imebadilisha wenyewe. Wiki moja kabla ya kura, mwigizaji Ronald Reagan alimpigia Goldwater debe kwa hotuba ya televisheni, na miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa gavana wa California.

Mapambano ya majimboni

Nguvu ya uchambuzi wa jimbo ilionekana waziwazi New Hampshire, jimbo dogo ambalo mchujo wake wa urais hutangulia mingine. William Loeb alimiliki gazeti la Manchester Union Leader kuanzia 1946 hadi alipofariki mwaka 1981, ingawa mwenyewe alikuwa akiishi nje ya jimbo. Tahariri zake alizichapisha ukurasa wa mbele, zikiwa zimejaa herufi kubwa na matusi. Februari 1972 alimwandama Seneta Edmund Muskie wa Maine, Mdemocrat aliyekuwa akiongoza mbio. Alichapisha barua ya kughushi iliyodai kwamba Muskie aliwacheka Wamarekani wenye asili ya Kifaransa ya Kanada, ambao ni wengi jimboni humo, kisha akatoa habari za kumdhalilisha mke wake. Tarehe 26 Februari, theluji ikianguka, Muskie alipanda juu ya lori mbele ya jengo la gazeti kumjibu Loeb. Sauti ilimkwama alipofika kwenye habari ya mkewe. Waandishi waliripoti kwamba alilia. Yeye alisema yalikuwa maji ya theluji iliyoyeyuka usoni. Alishinda mchujo kwa kura chache kuliko ilivyotarajiwa, na kampeni yake haikupata nguvu tena.

Kwa Warepublican wa jimbo hilo alama ya Loeb ilidumu zaidi. Gazeti lake lilimdai kila mgombea ugavana ahadi ya kutoanzisha kodi ya jumla ya mauzo wala ya mapato, na Meldrim Thomson alishinda ugavana mwaka 1972 kwa ahadi hiyo. Tangu wakati huo wagombea wa vyama vyote viwili wamekuwa wakiulizwa kama wataitoa ahadi hiyo.

New York njia ilikuwa nyingine. Sheria za huko zinaruhusu vyama viwili kumsimamisha mgombea mmoja, hivyo mwaka 1962 wahafidhina waliunda chama chao ili kuwabana Warepublican wa mrengo wa kati. Mwaka 1965 Buckley aligombea umeya kwa tiketi ya chama hicho. Alipoulizwa atafanya nini akishinda, alijibu kwamba atadai kura zihesabiwe upya. Alipata takribani asilimia 13, lakini mwaka 1970 kaka yake James alishinda useneta kwa tiketi hiyohiyo.

Schlafly naye alionyesha jinsi jarida dogo la kurasa chache linavyoweza kuzuia mabadiliko ya Katiba. Bunge la Congress lilipitisha marekebisho ya haki sawa kwa wanawake Machi 1972, nayo yalihitaji kuridhiwa na majimbo 38. Kupitia jarida lake la kila mwezi, alilokuwa akilitoa tangu 1967, aliwafundisha wanawake wa kila jimbo hoja za kusema na namna ya kusema mbele ya kamati za bunge. Huko Springfield, makao makuu ya Illinois, wafuasi wake waliwapelekea wabunge mikate na jamu walizopika nyumbani, kila zawadi ikiwa na ujumbe wake. Muda ulipokwisha Juni 1982, yalikuwa yameridhia majimbo 35 tu, na Illinois haikuwamo.

Redio

Tangu 1949 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ilivitaka vituo vya utangazaji vinavyojadili masuala yenye utata vitoe nafasi kwa pande zote. Kanuni hiyo iliwagusa wahafidhina moja kwa moja. Kituo kidogo cha Red Lion, Pennsylvania, kilirusha mahubiri ya Billy James Hargis yaliyomshambulia Fred Cook, mwandishi wa kitabu cha kumpinga Goldwater. Cook alidai muda wa kujibu bila malipo, na mwaka 1969 Mahakama Kuu ikampa haki yake. Wenye vituo wengi waliona heri kukaa mbali na siasa.

Agosti 1987, chini ya utawala wa Reagan, tume iliifuta kanuni. Mwaka mmoja baadaye Rush Limbaugh, mtangazaji aliyejijengea jina Sacramento, alianza kipindi cha taifa kutoka New York. Masafa ya AM yalikuwa yamekimbiwa na wapenzi wa muziki waliohamia FM, na wenye vituo walikuwa wakitafuta kitu cha kuvuta wasikilizaji mchana. Katika miaka ya 1990 vituo zaidi ya 600 vilimrusha. Warepublican walipoongeza viti 54 mwaka 1994 na kuishika Nyumba ya Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, wabunge wapya walimfanya mwanachama wa heshima wa kundi lao.

Mfano wake uliigwa majimboni. Milwaukee, Charlie Sykes aliwapa Warepublican wa Wisconsin jukwaa kwa zaidi ya miaka 20, na alimsaidia Gavana Scott Walker kustahimili jaribio la kumwondoa madarakani mwaka 2012. Virginia, Juni 2014, watangazaji wa taifa Laura Ingraham na Mark Levin walimuunga mkono mhadhiri wa uchumi David Brat, ambaye alimbwaga katika mchujo Eric Cantor, kiongozi wa Warepublican walio wengi bungeni.

Runinga na mgawanyiko wa 2016

Fox News, iliyoanzishwa na Rupert Murdoch Oktoba 1996 chini ya uongozi wa Roger Ailes, aliyewahi kuwa mshauri wa Richard Nixon, iliunganisha wasikilizaji hao katika hadhira moja ya taifa. Faida ya kituo ilitegemea watazamaji kutohama, na hapo ndipo uhusiano wa mchambuzi na wafuasi wake ulipoanza kugeuka. Januari 2016 National Review ilitoa toleo maalumu la kumpinga Donald Trump, likiwa na makala za waandishi zaidi ya 20. Chama cha taifa kiliitoa katika orodha ya waandaji wa mdahalo mmoja, na Trump akashinda uteuzi. Sykes na wenzake wa redio za Wisconsin walichangia Ted Cruz kushinda mchujo wa Aprili jimboni humo, lakini mwishoni mwa mwaka Sykes aliacha kipindi chake. Weekly Standard, jarida la wahafidhina lililodumu tangu 1995 na lililoendelea kumkosoa Trump, lilifungwa Desemba 2018.

Usiku wa uchaguzi wa Novemba 2020 Fox ilikuwa ya kwanza kutangaza kwamba Joe Biden ameshinda Arizona. Watazamaji walikasirika, baadhi wakahamia vituo vingine. Nyaraka za kesi iliyofunguliwa na kampuni ya mashine za kura ya Dominion zilionyesha kwamba watangazaji mashuhuri wa Fox, faraghani, hawakuyaamini madai ya wizi wa kura yaliyokuwa yakirushwa hewani, huku wakihofia kupoteza watazamaji. Aprili 2023 kituo kilikubali kulipa dola milioni 787.5. Miaka sitini kabla, Buckley aliweza kuwafukuza wasomaji waliomfuata Welch na jarida likaendelea, kwa sababu liliishi kwa kiasi kikubwa kwa michango ya watu waliokubaliana naye. Mchambuzi anayeishi kwa idadi ya watazamaji hana nafasi hiyo, na uamuzi wa nani ni mhafidhina wa kweli umebaki kwa wapigakura wa mchujo wenyewe.