Sanduku lenye Funguo Nne: Kanisa la Kilutheri na Huduma kwa Jirani Wote

Diakonia ni neno la Kigiriki lenye maana ya huduma. Kwa Walutheri, huduma hiyo inatokana na ibada yenyewe, tena ni ya kila jirani mwenye shida, awe muumini au la. Lakini pale unga unapokuwa kidogo na wenye njaa ni wengi, nani anaamua asaidiwe nani?

Chanzo katika Maandiko

Swali hili lilizuka Yerusalemu (Matendo 6:1-6). Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Kanisa lilichagua watu saba wasimamie mgawo, na majina yao yote ni ya Kigiriki. Upande uliolalamika haukuachwa nje.

Leisnig, 1523

Katika mji mdogo wa Leisnig, Ujerumani, waumini waliandika kanuni ya sanduku la pamoja, na Martin Luther akaiandikia utangulizi. Mapato ya kanisa yalikusudiwa kuwekwa humo ili kulipa wachungaji na walimu, kutunza yatima, wazee na maskini, na kununua nafaka ya akiba kwa wakati wa njaa.

Wasimamizi walikuwa 10: wakabaila 2, wajumbe wa halmashauri 2, wakazi wa mji 3 na wakulima wa vijijini 3. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Mara tatu kwa mwaka hesabu ilipaswa kusomwa mbele ya watu wote. Mpango huo ulipata upinzani, kwa kuwa halmashauri ya mji haikutaka kuachilia mali iliyokuwa mikononi mwake. Hata hivyo, kanuni ya Leisnig ilibaki kuwa mfano.

Ng'ambo ya ziwa

Shirikisho la Kilutheri Duniani liliundwa Lund, Sweden, mwaka 1947. Kwa upande wa Kongo, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (EELCo) ni mwanachama wake. Tanzania, makanisa saba yaliungana mwaka 1963 na kuwa KKKT. Mwaka 1964 ilianzishwa TCRS, huduma ya Kikristo kwa wakimbizi, chini ya Shirikisho hilo. Ilifanya kazi pamoja na serikali na UNHCR katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walikopelekwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Aliyefika hakuulizwa kama ni Mlutheri. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwa wakimbizi hao na watoto wao.

Katika bonde la Ruzizi

Runingu na vijiji vya jirani ni nyumba ya Wafuliiru, Warundi, Wanyamulenge, Wavira na wengine. Vita, mafuriko na kipindupindu haviulizi kabila. Lakini orodha ya msaada huweza kuuliza, kama imeandikwa na mtu mmoja, nyumbani kwake, usiku. Kesho yake watu husema: lile ni kanisa la kabila fulani. Neno hilo likishatoka, mahubiri ya miaka mingi huharibika.

Walio wengi kwetu si Walutheri, lakini jumuiya yoyote ya Kanisa la Kristo Kongo inaweza kutumia mfano huu:

1. Kamati ya diakonia iwe na mtu wa kila kabila la mtaa, wajane, vijana na waliokimbia vita wakiwemo.
2. Sanduku liwe na kufuli zaidi ya moja, na mchungaji asishike funguo zote.
3. Orodha isomwe hadharani kabla ya mgawo, ili aliyesahauliwa aseme.
4. Hesabu isomwe mara tatu kwa mwaka, na majirani wasio waumini waalikwe kusikia.

Kumkaribisha jirani kwenye benchi la ibada ni jambo jema. Kumpa ufunguo ni kukubali kwamba nyumba hii ni yake pia. Hapo ndipo upendo wetu hupimwa.