Mvinyo wa Italia na Mwaka wa Sumu

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba tusafiri hadi Italia, nchi ambayo kila mkoa una mvinyo wake, na kila mvinyo una watu wa kuutetea. Najua wengi wenu hamgusi kileo, nami sina nia ya kuwashawishi. Ninachotaka kuzungumzia ni ulimi wa binadamu: yale unayoyaweza, na pale unaposhindwa.

Mwonjaji stadi hana haraka ya kunywa. Huinua bilauri akatazama rangi, akaizungusha, akanusa, ndipo akatia funda mdomoni. Na mara nyingi hulitema. Kwa funda hilo moja atakueleza mengi. Barolo, ya vilima vya Langhe katika mkoa wa Piemonte, hutokana na zabibu iitwayo Nebbiolo. Rangi yake imepauka, lakini ina ukakasi unaokamata ufizi kama ndizi mbichi. Ndiyo maana sheria inataka ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mti. Chianti ya Toscana ina uchachu unaofaa kusindikiza nyama. Ukishuka Sicilia utakuta Marsala, mvinyo mzito na mkali. Huo ulianza kupata soko Uingereza baada ya mwaka 1773, pale mfanyabiashara Mwingereza, John Woodhouse, alipoutia spiriti usiharibike baharini.

Jina la mahali likishakuwa mali, wezi wa majina hawakosekani. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III, alitoa amri ya kuweka mipaka ya Chianti na maeneo mengine matatu, ili mvinyo wa kwingine usiuzwe kwa majina hayo. Sheria ya Italia ya mwaka 1963 kuhusu majina ya asili ilifuata njia hiyo hiyo.

Lakini sheria ililinda zaidi mvinyo wa wakubwa. Mvinyo wa mtu wa kawaida, ule wa chupa kubwa na bei ndogo, ulipimwa kwa kipimo kimoja tu: una nguvu kiasi gani? Zabibu zikiwa hafifu, nguvu hupungua na bei hushuka. Kutia sukari ni marufuku Italia. Basi wako wafanyabiashara waliotafuta njia ya mkato. Methanoli, spiriti ya viwandani, ilikuwa imeondolewa ushuru mwaka 1984 ikawa rahisi mno. Wakaimimina kwenye mvinyo.

Mwezi Machi 1986 watu wakaanza kufa kaskazini mwa Italia. Walikuwa wamekunywa Barbera ya bei nafuu, iliyotoka kwenye ghala moja la Narzole, jirani kabisa na vilima vya Barolo. Waliokufa walizidi 20, na wengine wakapofuka. Ufaransa na Ujerumani ya Magharibi zikazuia shehena za mvinyo wa Italia, na wakulima waaminifu wakaadhibiwa pamoja na wahalifu.

Hapo ndipo ulimi uliposhindwa. Methanoli ina harufu na ladha inayokaribiana sana na ile ya kileo cha kawaida. Mwilini ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho, na dalili huchelewa kwa saa nyingi. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana: Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe haramu iliyotiwa sumu hiyo hiyo iliua watu zaidi ya 130. Pale pia waliokufa walikuwa wanywaji wa kile walichomudu.

Kwa maoni yangu, yaliyofuata Italia yanastahili kusimuliwa kuliko kisa chenyewe. Mwaka huo huo wa 1986, huko huko Langhe, kiliundwa chama cha Arcigola, ambacho baadaye kilizaa Slow Food. Mwaka 1987 watu hao, pamoja na jarida la Gambero Rosso, walitoa kitabu cha mwongozo wa mvinyo wa Italia, chenye majina ya watengenezaji na alama ya bilauri moja hadi tatu. Mnunuzi sasa alianza kuuliza: nani ameutengeneza, na wapi? Bunge nalo likatunga sheria mpya mwaka 1992.

Na Barbera yenyewe? Huko Rocchetta Tanaro, Giacomo Bologna alikuwa amekwisha kuijaribu katika mapipa madogo ya mwaloni tangu mavuno ya 1982, wakati wenzake wakiiona ni kinywaji cha vibarua. Wengine wakamfuata: wakapunguza vishada katika kila mzabibu ili vinavyobaki vikolee utamu, na nguvu ya mvinyo itoke kwenye zabibu yenyewe. Mwaka 2008 Barbera ya Asti ikaingizwa katika daraja la juu kabisa la sheria, lile ambalo Barolo ilikuwa imelipata mwaka 1980, na kila chupa yake sasa ina utepe wa serikali shingoni, wenye namba yake.