Picha za MRI na Historia ya Magonjwa ya Ubongo Kusini mwa Tanzania: Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, Mbinga na Nyasa zilikuwa wilaya moja ya Mkoa wa Ruvuma. Mbinga ya leo iko kwenye nyanda za juu za Umatengo, ambako wakulima wa kahawa hulima miteremko kwa mashimo ya ngoro. Nyasa inashuka hadi ziwani, katika vijiji vya wavuvi na wakulima wa muhogo vilivyopo Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na kwingineko. Katika maeneo yote mawili, wakazi wameishi na mambo matatu yanayohusishwa na maradhi ya ubongo: malaria inayowaletea watoto degedege na kupoteza fahamu, usubi ambao watafiti wameuhusisha na kifafa, na minyoo tegu ya nguruwe.

Insha hii inachunguza namna picha za MRI, yaani picha zinazopatikana kwa nguvu ya sumaku na mawimbi ya redio, zilivyobadili uelewa wa maradhi hayo. Hoja yake kuu ni kwamba picha hizo hazikuanzisha ujuzi. Ziliwasili baada ya miongo mingi ya kuhesabu, kutibu na kuandika, na zilijibu maswali ambayo tayari yalikuwa yameulizwa. Aidha, kwa Mbinga na Nyasa, picha muhimu zaidi zilipigwa mahali pengine, yaani Mahenge upande wa kaskazini na Blantyre upande wa kusini. Mwanahistoria anayehesabu mashine peke yake atahitimisha kwamba eneo hili halina historia ya magonjwa ya ubongo. Hitimisho hilo si sahihi. Vyanzo vilivyotumika ni machapisho ya kitabibu, ambayo hapa yanasomwa kama nyaraka za kihistoria.

2.0 Maradhi kabla ya picha

Lugha yenyewe ni chanzo cha kwanza. Neno kifafa husikika karibu na kitenzi kufa, na anayeshuhudia mtu akianguka na kukakamaa huelewa mara moja kwa nini. Neno degedege limehusishwa na dege, kiumbe arukaye anayeaminika kumdhuru mtoto. Majina haya yanaonesha kwamba jamii zilitofautisha mishtuko ya mtoto mwenye homa na ugonjwa unaomrudia mtu mzima maisha yake yote. Tofauti hiyo ina maana kubwa kitabibu hata leo.

Maelezo ya kina zaidi kwa upande wa kusini yanatoka Mahenge, katika nchi ya Wapogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwei ambaye baadaye alifanya kazi Kanada kama mtaalamu wa magonjwa ya akili, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Makala yake ya mwaka 1965 yalieleza wagonjwa waliotengwa, waliolishwa peke yao na walioachwa bila msaada walipoangukia motoni, kwa kuwa mate na povu lao viliogopwa. Dawa yake kuu ilikuwa fenobabitoni, ambayo ni rahisi na ya bei nafuu. Alieleza pia watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama na kuinuka mfululizo, hali ambayo wenyeji waliitaja kwa maneno amesinzia kichwa. Maneno hayo ya Kiswahili yaliiandika dalili hiyo miongo kadhaa kabla ya lugha ya kimataifa ya kitabibu kuipa jina rasmi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuhesabu. H. T. Rwiza na wenzake walifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Ulanga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionesha wagonjwa 10.2 wa kifafa kwa kila watu 1,000. Sasa kulikuwa na kipimo cha kulinganisha. Hata hivyo, idadi hiyo haikueleza kwa nini kifafa kilikuwa kingi katika milima ile.

3.0 Picha ya sumaku na masharti yake

Msingi wa MRI uliwekwa mwaka 1946, Felix Bloch na Edward Purcell walipoonesha, kila mmoja kwa upande wake, kwamba viini vya atomu vilivyo ndani ya sumaku huitikia mawimbi ya redio. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha njia ya kuugeuza mwitikio huo kuwa picha, kwa kuifanya nguvu ya sumaku itofautiane kutoka sehemu moja hadi nyingine. Peter Mansfield wa Nottingham aliongeza kasi ya kupiga picha hizo. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Ubongo unafaa sana kwa njia hii kwa sababu una maji mengi, na maji yana haidrojeni, ambayo kiini chake ndicho kinachoitika. Sehemu iliyovimba, iliyokufa au iliyobaki na kovu huitika tofauti na sehemu nzima. Hakuna mionzi ya eksirei inayotumika. Lakini mashine inahitaji umeme usioyumba, mafundi, wataalamu wa kusoma picha, na mgonjwa anayeweza kulala bila kujitikisa. Masharti hayo ndiyo yaliyoamua ni nani apigwe picha na ni nani asipigwe.

4.0 Mahenge: kovu bila chanzo

Mwaka 2008 Andrea Winkler, pamoja na William Matuja, Jilek-Aall na wenzao, walichapisha utafiti wa wagonjwa 62 wa kusinzia kichwa kutoka Mahenge. Ni wagonjwa 12 tu waliopigwa picha za MRI. Katika picha hizo yaliripotiwa mabadiliko kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na ambayo mara nyingi huwa kitovu cha kifafa, pamoja na makovu katika sehemu nyingine.

Uzito wa utafiti huo unatokana na namna picha zilivyosomwa sambamba na vipimo vingine. Mabadiliko ya ubongo yalihusiana na kuwepo kwa vinasaba vya mnyoo wa usubi, *Onchocerca volvulus*, kwenye ngozi. Lakini vinasaba hivyo havikupatikana katika maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa yeyote. Kwa maneno mengine, mnyoo ulikuwa ngozini, kovu lilikuwa kwenye ubongo, na njia ya kutoka kimoja hadi kingine haikuonekana. Picha ilithibitisha kwamba ugonjwa ulikuwa na umbo ndani ya kichwa, jambo lililokuwa na maana kwa familia zilizoambiwa kwamba watoto wao wamerogwa. Haikutaja chanzo.

Swali hilo lilivuka mipaka. Kaskazini mwa Uganda, ambako ugonjwa kama huo uliwaathiri watoto wengi, picha zilionesha ubongo uliosinyaa. Mwaka 2017 watafiti wengine walipendekeza kwamba kinga ya mwili inayopambana na mnyoo huenda inashambulia ubongo kwa makosa. Nako Mahenge, Bruno Mmbando na wenzake waliripoti mwaka 2018 kwamba kifafa kilikuwa bado kingi baada ya takribani miaka 20 ya kugawa ivermectin. Ni tafiti za kuhesabu watu, kama ile ya 1992, zilizoendelea kubeba hoja kwamba usubi na kifafa vina uhusiano. Jambo hili linaihusu Mbinga moja kwa moja, kwa kuwa Ruvuma ni miongoni mwa maeneo ya usubi yaliyoingizwa katika ugawaji wa dawa hiyo.

5.0 Blantyre: ubongo uliovimba

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa historia ilichukua mkondo mwingine. Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ilipata mashine ya MRI yenye nguvu ya Tesla 0.35, kiwango kidogo kwa mizani ya nchi tajiri. Terrie Taylor na wenzake, waliokuwa wamechunguza malaria ya ubongo kwa miaka mingi kwa vipimo vya kawaida, waliitumia kwa watoto waliopoteza fahamu. Hali hiyo ya kusikitisha iliondoa kikwazo kimoja, kwani mtoto asiye na fahamu hajitikisi.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihusu watoto 168, ambao 25 kati yao walifariki. Katika hao waliofariki, 21, yaani asilimia 84, walikuwa na ubongo uliovimba sana walipopokelewa. Miongoni mwa 143 walionusurika, hali hiyo ilionekana kwa 39, yaani asilimia 27. Ilionekana pia kwamba uvimbe ungeweza kupungua. Kwa hiyo kifo hakikutokana tu na vimelea kuziba mishipa midogo ya damu. Uvimbe ulikigandamiza kitovu cha kupumua chini ya ubongo, na mtoto akaacha kupumua.

Tofauti na Mahenge, hapa picha ilitaja namna ya kufa na ikaonesha mahali pa kuelekeza tiba: kumsaidia mtoto apumue mpaka uvimbe ushuke. Sababu ya tofauti hiyo ni muda. Blantyre ugonjwa ulipigwa picha ukiwa unaendelea. Mahenge picha ilichukuliwa baada ya miaka, ugonjwa ukiwa umeshaacha kovu. MRI huonesha kwa uaminifu hali ya ubongo ya siku ile, lakini haisimulii jana yake. Mtoto wa Liuli au Mbamba Bay anayeugua malaria kali anaugua ugonjwa uleule uliopigwa picha Blantyre, na ujuzi wa kule unamhusu hata kama hatafika kwenye mashine.

6.0 Nyasa: ulimi wa nguruwe

Ugonjwa wa tatu unaonesha historia ikianzia upande mwingine kabisa. Mtu mwenye minyoo tegu hutoa mayai kwa njia ya kinyesi. Nguruwe anayezurura huyala, na mwilini mwake huota vifuko vya lava. Binadamu akiyameza mayai hayo, vifuko vinaweza kuota ndani ya ubongo wake na kumletea kifafa.

Mwaka 2017 Seria Shonyela na wenzake walichapisha utafiti wa nguruwe katika Wilaya ya Nyasa, ukionesha kwamba maambukizi yalikuwepo kwa wingi. Vipimo vyao vilikuwa damu ya nguruwe na ukaguzi wa ulimi, ambapo vifuko huonekana au kupapaswa kwa kidole. Hivyo, hatari kwa ubongo wa binadamu ilisomwa kwanza kwenye ulimi wa mnyama.

Hata picha ikipatikana, MRI si jibu kamili. Huonesha vizuri kifuko kilicho hai, wakati mwingine pamoja na kichwa cha lava kama nukta ndani ya duara. Kifuko kilichokufa na kugeuka chokaa huonekana vizuri zaidi kwa CT-Scan. Katika eneo ambalo wagonjwa wengi huja hospitali miaka mingi baada ya kuambukizwa, mashine ya bei nafuu inaweza kuwa na faida kubwa zaidi. Sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, takribani shilingi trilioni 1.3, ilinunua mashine za CT-Scan kwa hospitali za rufaa za mikoa. Kwa hiyo umbali umeanza kupungua, ingawa kutoka Mbinga mjini hadi Songea bado ni takribani kilomita 100, na kutoka vijiji vya ziwani ni zaidi.

7.0 Hitimisho

Magonjwa haya matatu yanatoa fundisho moja kwa njia tofauti. Mahenge, picha ilithibitisha jeraha na kuacha chanzo wazi. Blantyre, ilieleza kifo. Nyasa, hatari ilijulikana bila picha. Katika kila hali, thamani ya picha ilitegemea kazi iliyotangulia: rejista ya kliniki, hesabu ya kaya, kipande cha ngozi, kidole juu ya ulimi wa nguruwe.

Kwa mtafiti wa historia ya tiba ya Ruvuma, maana yake ni ya vitendo. Rejista za Litembo, Liuli na Peramiho, pamoja na daftari za wagawaji wa ivermectin vijijini, ni kumbukumbu za magonjwa ya ubongo, hata pale ambapo neno ubongo halikuandikwa. Mstari mmoja unaosema mgonjwa ameanguka motoni, au mtoto ameletwa na degedege, ni ushahidi ambao mashine itakayowasili kesho haiwezi kuutengeneza upya. Karatasi hizo zikipotea, picha zitakazopigwa baadaye zitaonesha makovu ambayo hakuna atakayeweza kuyasoma.