Chama cha waliberali kilichokatwa na lugha

Kuna wenye wanataka vikao vyetu vigawanywe: Wafuliiru kwao, Wavira kwao, Wabembe kwao, Wanyamulenge kwao. Kabla ya kupiga kura, tuangalie Ubeleji iliyotutawala.

Chama cha waliberali kilizaliwa Brussels mwaka 1846, cha kwanza katika nchi ile. Kiligombana sana na Kanisa Katoliki juu ya shule, na ugomvi ukafika hadi kwetu: mwaka 1954 mliberali Auguste Buisseret akawa Waziri wa Makoloni, akaanza kufungulia watoto wa Kongo shule za serikali, zisizo za misioni.

Mwaka 1961 Omer Vanaudenhove alikipa jina jipya, akaacha vita na mapadri. Neno lake kubwa lilikuwa umoja wa nchi, Waflama na Wawaloni pamoja. Watu walimsikia: katika uchaguzi wa 1965 viti viliruka kutoka 20 hadi 48.

Kumbe lugha ilikuwa inangoja. Mwaka 1968 ugomvi wa Kiflama na Kifaransa katika chuo kikuu cha Leuven uliangusha serikali, na waliberali walikuwa ndani yake. Miaka michache tu, chama chenyewe kikakatika. Tuseme kweli, juu ya uhuru na biashara walikuwa bado karibu sawasawa.

Leo mtu wa Gent hana njia ya kumpigia kura mliberali wa Liège, hata akimpenda. Na wakitaka kutawala pamoja, wanakaa mezani kama vyama viwili.