Ndege kubwa ya abiria kabla ya kubeba abiria: majaribio, ukaguzi na mapokezi ya wananchi

Na Mwandishi Wetu, Nanganga

Katika njiapanda ya Nanganga, wilayani Masasi, barabara kuu itokayo Mingoyo kwenda Masasi hukutana na barabara ya kwenda Ruangwa na Nachingwea. Mwananchi anayetoka Newala, Masasi au Ruangwa akitaka kufika Dar es Salaam ana njia mbili: kupanda basi kwa safari ya kutwa nzima, au kwenda Mtwara kupanda ndege. Kwa sababu hiyo, kila Serikali inapotangaza kupokea ndege mpya, maswali huulizwa hata mahali ambapo ndege huonekana angani tu. Je, ndege hiyo ni salama? Imejaribiwa na nani? Itafika Mtwara? Na gharama yake inalipwa na nani?

Makala haya yanatoa ufafanuzi wa maswali hayo kwa kutumia mfano wa ndege ya Boeing 787-8 Dreamliner, ambayo ndiyo aina kubwa kuliko zote katika ndege za abiria za Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL).

Siku ya mapokezi

Tarehe 8 Julai, 2018, ndege ya kwanza ya aina hiyo iliwasili katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na kupokelewa na Rais wa wakati huo, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli. Ndege hiyo iliyosajiliwa kwa namba 5H-TCG ina viti 262, kati ya hivyo 22 vikiwa vya daraja la biashara na 240 vya daraja la kawaida. Wananchi walifurika uwanjani na wengine wengi walifuatilia mapokezi kupitia televisheni.

Shangwe hiyo ilikuwa na historia nyuma yake. Wazee wanakumbuka Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946 na kuingia katika zama za ndege za jeti mwaka 1960 kwa ndege za Comet 4, kisha Super VC10 mwaka 1966. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikaanzisha shirika lake mwaka huohuo. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka. Ubia na Shirika la Ndege la Afrika Kusini ulianza mwaka 2002 na kumalizika mwaka 2006, na baadaye shirika likabaki na uwezo mdogo sana wa kutoa huduma. Ufufuaji ulianza Septemba 2016 kwa kuwasili kwa ndege mbili za Bombardier Q400 zenye viti 76 kila moja. Hivyo Dreamliner iliposhuka, wengi waliona kuwa jina la nchi limerudi angani.

Ndege hujaribiwaje?

Ni vyema wananchi wakatofautisha mambo mawili. Jambo la kwanza ni majaribio ya aina ya ndege, ambayo hufanywa na kiwanda chini ya usimamizi wa mamlaka za usafiri wa anga za nchi kilipo. Jambo la pili ni ukaguzi wa ndege moja moja na wa kampuni inayoirusha, ambao hufanywa na nchi inayoisajili.

Dreamliner iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 15 Desemba, 2009, kutoka Everett katika jimbo la Washington, Marekani, ikiwa na marubani wawili tu ndani yake. Ndege sita zilitumika katika mpango wa majaribio ya angani. Marubani huzima injini moja makusudi ili kuona kama ndege itaendelea kuruka salama kwa injini iliyobaki. Huipeleka katika joto kali na baridi kali, huipitisha katika maji yaliyotuama kwenye njia ya kurukia, na hufunga breki ghafla wakati ndege ikiwa na uzito mkubwa na mwendo wa kasi.

Majaribio mengine hufanyika ardhini. Mwezi Machi 2010, mabawa ya Dreamliner yalivutwa kuelekea juu kwa nguvu ya asilimia 150 ya mzigo mkubwa kuliko wote unaotarajiwa katika kazi. Yalipinda takriban mita 7.6 bila kuvunjika. Jaribio hilo lilisubiriwa kwa makini kwa kuwa takriban nusu ya uzito wa ndege hii ni nyuzi za kaboni zilizounganishwa kwa gundi maalumu, badala ya bati la alumini lililozoeleka. Kibali cha kubeba abiria kilitolewa Agosti 2011, na abiria wa kwanza walipanda ndege hiyo nchini Japani mwezi Oktoba mwaka huo.

Kadiri ndege inavyokuwa kubwa, ndivyo majaribio yanavyovuta watu wengi. Airbus A380, ndege kubwa kuliko zote za abiria duniani, iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Aprili, 2005, kutoka Toulouse, Ufaransa, mbele ya maelfu ya watazamaji. Hata hivyo, mojawapo ya majaribio yake magumu halikuhusu kuruka. Kanuni zinataka abiria wote waweze kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa imefungwa. Machi 2006, mjini Hamburg, watu 873 walitoka ndani ya ndege hiyo gizani kwa sekunde 78.

Majaribio hayaondoi kila hatari

Itakuwa si haki kumweleza mwananchi kuwa kibali kikishatolewa, mashaka yote yamekwisha. Januari 2013, Dreamliner zote duniani zilisimamishwa baada ya betri kupata moto na moshi katika ndege mbili za mashirika ya Japani. Ziliruhusiwa kurejea angani Aprili mwaka huo, baada ya betri kubuniwa upya na kuwekwa ndani ya kasha la chuma.

Funzo zito zaidi lilitoka kwa Boeing 737 MAX. Ajali mbili, ya Indonesia mwezi Oktoba 2018 na ya Ethiopia tarehe 10 Machi, 2019, ziliua watu 346. Ndege ya pili ilikuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Uchunguzi ulionesha kuwa mfumo wa kompyuta ulioshusha pua ya ndege ulitegemea taarifa ya kihisi kimoja tu, na marubani hawakuwa wameelezwa ipasavyo kuhusu mfumo huo. Ndege hizo zilisimamishwa duniani kote, na Marekani iliziruhusu tena Novemba 2020 baada ya mfumo kurekebishwa na kujaribiwa upya. Tanzania ilipokea Boeing 737 MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023, yaani baada ya marekebisho hayo. Mwananchi aliyeuliza kuhusu usalama wa ndege hiyo aliuliza swali la msingi, na anastahili kupewa jibu hilo kwa uwazi.

Wajibu wa Tanzania

Ndege ikifika nchini haianzi kuuza tiketi siku hiyohiyo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) huisajili kwa alama za 5H, hukagua nyaraka na hali yake, na kuhakikisha ina cheti cha ubora wa kuruka. Kampuni nayo hutakiwa kuthibitisha kuwa ina marubani, wahudumu, mafundi na vitabu vya taratibu vinavyolingana na aina hiyo ya ndege. Kwa Dreamliner ya kwanza, safari za biashara zilianza tarehe 29 Julai, 2018, kwenda Kilimanjaro na Mwanza, wiki tatu baada ya mapokezi. Safari za Mumbai, India, zilianza Julai 2019.

Uangalizi huu nao hupimwa na wengine. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL katika orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukapanua zuio hilo kwa kampuni zote zilizopewa vyeti na Tanzania. Hatua hiyo haikuhusu ndege kubwa peke yake, bali mfumo wa usimamizi wa usalama. Inaonesha kuwa kununua ndege mpya ni hatua moja, na kujenga wataalamu na usimamizi wa kuitunza ni hatua nyingine inayohitaji muda na nidhamu.

Je, ndege kubwa itafika Mtwara?

Swali hili ndilo linalowagusa zaidi wananchi wa Kusini. Jibu lake huanzia kwenye njia ya kurukia. Bombardier Q400 ikiwa na mzigo kamili huhitaji takriban mita 1,400 kuruka. Airbus A220-300 yenye viti 132, ambayo Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuirusha, huhitaji takriban mita 1,900. Dreamliner ikijazwa mafuta na abiria huhitaji zaidi ya mita 2,500. Joto likiongezeka, mahitaji hayo nayo huongezeka, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi na bawa hupata nguvu ndogo ya kuinua.

Njia ya Uwanja wa Ndege wa Mtwara imerefushwa hadi mita 2,800 na kupanuliwa hadi upana wa mita 45, na Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliufungua uwanja huo baada ya maboresho. Hata hivyo, urefu wa njia pekee hauleti ndege. Dreamliner hutengenezwa kwa ajili ya safari za saa nyingi, na huleta tija pale inapojaza viti na kuruka mbali. Kwa safari fupi kama ya Mtwara na Dar es Salaam, ndege ndogo zinazokuja mara nyingi humfaa msafiri kuliko ndege kubwa inayokuja mara chache.

Umuhimu wa usafiri huo ulionekana wazi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoambatana na mvua zilizokata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga wilayani Kilwa na maeneo mengine. Wananchi wanaokumbuka hali ya kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003 walielewa mara moja maana ya kubaki bila njia.

Shangwe na maswali

Mapokezi ya wananchi hayakuwa ya sauti moja. Wapo waliofurahi kuona ndege yenye twiga ubavuni. Wapo pia waliouliza, bungeni na mitaani, kama fedha hizo zisingetangulia kwenye maji, zahanati na barabara. Serikali ilieleza kuwa ndege zilinunuliwa na Taifa na kukodishwa kwa ATCL kupitia Wakala wa Ndege za Serikali (TGFA), kwa lengo la kukuza utalii na biashara. Kwa upande mwingine, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliripoti kuwa ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 katika mwaka wa fedha 2022/23. Sehemu ya tatizo ilikuwa ndege za Airbus A220 kusimama kutokana na hitilafu za injini zilizoathiri pia mashirika mengine duniani. Ndege inayosimama haiingizi kipato, lakini gharama zake huendelea.

Kwa hiyo, mwananchi anaposoma tangazo la kuwasili kwa ndege nyingine, anashauriwa kutazama mambo manne: aina ya ndege na idadi ya viti, tarehe ya kuanza safari za biashara, si ya mapokezi pekee, vituo itakavyohudumia, na taarifa za ukaguzi wa hesabu za mwaka unaofuata. Abiria mwenye malalamiko ya huduma, kama kucheleweshwa au kupotelewa na mzigo, aanze na kampuni iliyomsafirisha, na asiporidhika ayawasilishe TCAA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kutetea maslahi ya abiria.

Ndege ni mali ya umma. Anayeipanda kutoka Mtwara na asiyewahi kuipanda kule Nanganga wote wameichangia, na wote wana haki ya kujua ilivyojaribiwa, inavyotunzwa na inavyolipa.